Tovuti imedukuliwa: tafuta mlango kabla ya kufagia

Msomaji anakupigia simu kutoka Mbale: amefungua tovuti yenu akajikuta kwenye ukurasa wa kamari. Unawasha kompyuta ofisini Kampala, unatazama, kila kitu kiko mahali pake. Unamwambia simu yake ina virusi. Siku tatu baadaye anapiga mwingine kutoka Arua na malalamiko yaleyale. Hapo ndipo maneno huanza: ni wapinzani wetu, ni yule kijana tuliyemwachisha kazi, ni kampuni ya seva imetuuza.

Wewe na waliopiga simu, wote mnasema kweli. Msimbo (maagizo ya kompyuta) uliopandikizwa kwenye tovuti huuliza maswali kabla ya kufanya lolote. Mgeni huyu anatumia simu? Ametokea Google? Ameingia kama msimamizi? Ukiwa msimamizi, unaonyeshwa tovuti safi. Mwizi anamkwepa mwenye nyumba, wanaomwona ni wageni. Ndiyo maana ukaguzi wa kweli hufanywa kwa simu isiyowahi kuingia kwenye tovuti kama msimamizi, ikitumia bando badala ya Wi-Fi ya ofisi, kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Tafuta jina la tovuti yako Google, kisha bofya kutoka kwenye matokeo. Halafu andika kwenye Google neno site: likifuatwa bila nafasi na anwani yako. Zikitokea kurasa za Kijapani au za dawa za nguvu za kiume ambazo hukuziandika, hakuna haja ya kuendelea kubishana na watu wa Mbale.

Maneno machache ya kuelewana

Mjadala huu huwahusu zaidi wanaoendesha tovuti au blogu yao wenyewe kwa WordPress, programu ya bure iliyotoka mwaka 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Kuna njia mbili za kuitumia, na wengi huzichanganya. Kwenye WordPress.com unaandika tu, ulinzi na matengenezo ni kazi ya kampuni. Ukiichukua WordPress.org na kuiweka kwenye seva uliyoikodi, yaani kompyuta ya kampuni inayohifadhi tovuti yako, uhuru ni wako na matengenezo ni yako. Walio kwenye njia ya pili mara nyingi hulala usingizi wa walio kwenye ya kwanza.

Seva ya bei nafuu ni kama nyumba za kupanga za chumba kimoja kimoja, zile ambazo Kampala huitwa muzigo (jina linalomchekesha kila Mswahili anayetafuta chumba kwa mara ya kwanza). Vyumba kumi, paa moja, geti moja, askari mmoja. Mwenye nyumba huangalia geti na paa. Kufuli la mlango wako ni juu yako, na ukiacha dirisha wazi askari wa getini hana habari.

Ndani ya chumba, WordPress yenyewe ni kuta. Mandhari ni rangi na mapambo. Plagini ni vifaa unavyoongeza: fomu ya mawasiliano, duka, matunzio ya picha. Makala zako, watumiaji na mipangilio hukaa kwenye hifadhidata, na neno la siri la kuifungua limeandikwa ndani ya faili liitwalo wp-config.php. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba plagini haina mipaka ndani ya nyumba. Fomu ndogo ya mawasiliano inaweza kusoma, kuandika na kufuta karibu kila kitu ambacho WordPress inaweza.

Hakuna aliyekuchagua

“Mimi nina wasomaji mia mbili, nani atanidukua?” Swali hili linadhani kuna mtu aliyekaa mahali akisoma tovuti yako. Hayupo. Kuna programu zinazopita kila anwani ya intaneti zikijaribu vitasa, kama mtu anayetembea usiku kwenye vibaraza vya Kikuubo, mtaa wa maduka Kampala, akisukuma kila mlango bila kusoma bango la duka. Ukifunguka, anaingia.

Januari 26, 2017 WordPress ilitoa toleo la 4.7.2 lililoziba tundu kubwa lililokuwa kwenye 4.7.0 na 4.7.1. Tundu lenyewe halikutajwa hadi Februari 1, ili watu wapate muda wa kusasisha. Ndani ya siku chache baada ya kutajwa, kurasa kwa mamia ya maelfu zilikuwa zimeandikwa upya na wadukuzi. Septemba 2020 zamu ilikuwa ya plagini ya File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Tundu lake lilimruhusu mtu yeyote, bila neno la siri, kupandisha faili na kuliendesha kwenye seva. Toleo la 6.9 liliziba. Kuna waliochelewa siku mbili tatu wakakuta wageni ndani.

Wanachotaka si makala zako. Wanataka sifa ya anwani yako mbele ya Google ili waibebeshe viungo vya kamari. Wanataka seva yako itume barua taka, au ihifadhi ukurasa bandia wa benki. Tovuti ndogo yenye miaka minane na jina safi ina thamani kwao hata kama haina msomaji hata mmoja.

Milango yenyewe

Mlango mkubwa kuliko yote ni plagini au mandhari iliyopitwa na wakati. Wa pili ni maneno ya siri: yaleyale yaliyotumika Facebook na kwenye barua pepe, au yaliyoibwa na programu hasidi kutoka kwenye kompyuta ya mtu aliyepakua filamu ya bure.

Wa tatu tunaulea wenyewe. Mandhari ya kulipia huuzwa dola hamsini hivi, na kuna fundi mwenye kuigawa “bure” kwa flashi au Telegramu. Aliyeondoa ukaguzi wa leseni hakufanya hivyo kwa huruma. Mara nyingi ameacha faili moja la ziada ndani. Ni kupewa mlango wa chuma wa bure na mtu aliyebaki na funguo ya pili.

Wa nne ni jirani wa nyumba ya kupanga, hasa kama jirani huyo ni wewe mwenyewe. Akaunti moja ya seva inabeba tovuti ya ofisi, ya kanisa, na ile ya majaribio ya 2019 ambayo kila mtu ameisahau. Mdukuzi huingia kwenye ile iliyosahauliwa na kuhamia nyingine kupitia folda.

Kuna pia jambo la fundi aliyekujengea. Je, jina la tovuti, lile la .co.ug au .com, limeandikishwa kwa nani? Barua ya kukumbusha malipo ya mwaka inakwenda kwa nani? Kama ni kwa fundi, umejenga kwenye kibanja na hati iko kwa mwingine. Siku ya mashambulizi utahitaji kuingia kwenye akaunti ya seva saa nane usiku, na simu ya fundi itakuwa imezimwa. Hamisha umiliki mkiwa bado mnasalimiana vizuri.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

Alama ya kufuli kwenye kivinjari haimaanishi tovuti haiwezi kudukuliwa. Inafunga njia kati ya msomaji na seva, basi. Ukimpa bodaboda kifurushi kilichofungwa kwa lakiri, hakuna atakayekifungua njiani, lakini kama sumu ilitiwa dukani itafika salama salimini. Cheti kinacholeta alama hiyo hutolewa bure na Let's Encrypt. Mwenye ukurasa bandia wa benki naye anacho.

Kubadilisha anwani ya kuingilia, wp-login.php, hupunguza kelele za roboti (zile programu zinazojaribu vitasa) zinazobahatisha maneno ya siri. Haizuii tundu la plagini, kwa kuwa anayepita humo hahitaji kuingia kwa mlango. Plagini ya ulinzi nayo ni msaada mzuri, ila inaishi ndani ya nyumba ileile: aliyekwisha kuingia anaweza kuizima. Tena toleo la bure la Wordfence, mojawapo ya plagini hizo, hupata kanuni mpya za kuzuia mashambulizi siku 30 baada ya wanaolipa, na siku thelathini ni nyingi.

Uongo unaoumiza zaidi ni ule wa “kampuni ya seva ina nakala ya akiba”. Huenda inazo, za siku saba, kwenye mashine ileile. Uvamizi ukigunduliwa baada ya wiki tatu, nakala zote saba zina ugonjwa.

Kufunga kabla

Anza kwa kupunguza. Fungua orodha ya plagini na ujiulize kila moja inafanya nini. Isiyotumika ifute, maana kuzima si kufuta: mafaili ya plagini iliyozimwa bado yako kwenye seva na roboti inaweza kuyaita moja kwa moja. Iliyokaa miaka miwili bila toleo jipya itafutie mbadala.

Kisha ziache zijisasishe. WordPress hujiwekea yenyewe marekebisho madogo ya usalama tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, na tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020 unaweza kuwasha kujisasisha kwa kila plagini na mandhari. Watu huogopa kwamba sasisho litaharibu mwonekano. Hutokea. Mwonekano ulioharibika hutengenezwa kwa nusu saa, na utaona hapa chini uvamizi hutengenezwa kwa muda gani. Kwa Uganda kuna sababu nyingine. Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano. Tovuti iliyohifadhiwa ng'ambo iliendelea kuonekana dunia nzima, roboti zikiendelea kuigonga, huku mwenyewe hana njia ya kuingia. Inayojisasisha yenyewe haikumngoja mtu.

Neno la siri liwe refu, herufi 16 na zaidi, tofauti kila mahali, likitunzwa na programu kama Bitwarden. Juu yake weka uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya simu inayotoa tarakimu sita, si kwa SMS: laini ya simu inaweza kubadilishwa na mtu mwingine mwenye kitambulisho cha kughushi. Chapisha zile namba za dharura unazopewa unapouwasha na uzifungie kabatini. Na asiyehitaji usimamizi asipewe. Mwandishi wa makala apewe cheo cha mwandishi, si cha msimamizi, hata akiwa mtoto wa mkurugenzi.

Kwenye seva kuna ruhusa, namba zinazosema nani anaweza kusoma na nani kuandika: folda ziwe na 755, mafaili 644, na wp-config.php iwe 600 au 640. Picha zikikataa kupanda, utamsikia fundi akisema “weka 777”. Usikubali. 777 ni kumruhusu kila mtumiaji wa seva aandike ndani ya folda yako, na kasoro halisi mara nyingi ni kwamba mafaili yako chini ya jina la mtumiaji asiye sahihi. Ongeza ndani ya wp-config.php mstari huu: define('DISALLOW_FILE_EDIT', true); ambao unafunga kihariri cha msimbo kilicho kwenye dashibodi. Halafu zuia PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo, isiendeshwe ndani ya wp-content/uploads. Hapo pahali ni pa picha na PDF, faili la PHP halina kazi humo. Kwa seva ya Apache au LiteSpeed, faili la .htaccess lililowekwa ndani ya folda hiyo ya uploads, lenye mistari mitatu, linatosha:

<Files "*.php">
Require all denied
</Files>

Seva ya Nginx haisomi .htaccess, mwombe mwenye seva aweke kizuizi hicho kwenye mipangilio yake. Angalia pia toleo la PHP: 7.4 liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, na bado kuna tovuti zinalitumia.

Nakala ya akiba ina nusu mbili: mafaili na hifadhidata. Mwenye moja tu hana nakala. Plagini kama UpdraftPlus hutuma zote mbili Google Drive kwa ratiba, na data hiyo hutoka kwenye seva kwenda Google bila kugusa bando lako, kwa hiyo kisingizio cha gharama hakipo. Tunza za siku 30 angalau. Moja ya kila mwezi ishushe kwenye diski ya nje uichomoe, kwa kuwa mdukuzi aliye ndani ya tovuti anaweza kufika hadi kwenye ile Drive iliyounganishwa. Mara mbili kwa mwaka jaribu kuirudisha mahali pengine. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu.

Yakishatokea

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kufuta. Anaona faili la ajabu, analifuta, tovuti inang'aa, kesho yake linarudi. Huko ni kudeki chini ya bomba linalovuja.

Kabla ya kugusa kitu, chukua nakala ya tovuti kama ilivyo, uchafu wote ndani, pamoja na rekodi za seva zinazoonyesha nani aliomba nini na saa ngapi. Rekodi hizi kwenye seva za kushirikiana huweza kudumu saa 24 tu, basi zishushe kwanza. Kisha funga tovuti kwa neno la siri kupitia cPanel (ukurasa wa kusimamia akaunti ya seva), wasomaji wasiendelee kuumia.

Sasa maneno ya siri, kwa kompyuta iliyokaguliwa. Mpangilio una maana. Barua pepe ndiyo ya kwanza, kwa sababu maombi yote ya “nimesahau” huenda huko. Halafu akaunti ya seva, FTP (njia ya kupandisha mafaili), hifadhidata (na ulibadilishe vilevile ndani ya wp-config.php, la sivyo tovuti itazima), mwisho wasimamizi wote wa WordPress. Ndani ya wp-config.php kuna mistari minane inayoanzia AUTH_KEY. Ibadilishe yote kwa mipya kutoka api.wordpress.org/secret-key/1.1/salt/. Kila aliyekuwa ameingia, pamoja na mvamizi, atatolewa nje kwa mpigo.

Ndipo utafute mlango. Tazama tarehe za mafaili: yapi yalibadilika siku ambayo hakuna aliyefanya kazi? Nenda kwenye rekodi za dakika hizo na utafute maombi ya aina ya POST, yanayotuma data kwenye seva, kwenda kwenye faili la plagini fulani au, ishara mbaya zaidi, faili la PHP lililo ndani ya uploads. Tarehe zinaweza kughushiwa, kwa hiyo usizitegemee peke yake. Linganisha orodha ya plagini zako na taarifa za matundu yaliyotangazwa.

Ukiwa na nakala safi na unajua siku waliyoingia, irudishe ya kabla ya siku hiyo. Lakini isasishe kabla ya kuifungua, kwa sababu nakala hurudi na tundu lake. Bila nakala, kazi ni ya mikono. Futa folda za wp-admin na wp-includes na mafaili ya WordPress yaliyo nje, ubakize wp-config.php na wp-content, uweke mapya ya toleo lilelile kutoka WordPress.org. Plagini na mandhari zifute zote uziweke upya kutoka kwenye chanzo chake. Usijaribu kuzisafisha, kusoma mistari elfu arobaini ya msimbo kutafuta mmoja mbaya si kazi ya binadamu. Ukiwa na njia ya kuandika amri kwenye seva na programu ya WP-CLI, hizi mbili zitakuonyesha kilichoguswa:

wp core verify-checksums
wp plugin verify-checksums --all

Ya kwanza hukagua WordPress, ya pili plagini zinazotoka WordPress.org. Folda ya uploads haina cha kulinganishwa nacho, hivyo tafuta kila faili la .php humo. Kwenye mandhari yako, maneno eval, base64_decode na gzinflate yakikaa pamoja kwenye mstari mrefu usiosomeka, umempata.

Hifadhidata nayo ina pembe zake. Kwenye jedwali la watumiaji tafuta msimamizi usiyemjua. Kwenye makala tafuta maneno script na iframe ambayo hukuyaweka. Kwenye wp_options, jedwali la mipangilio, hakikisha siteurl na home ni anwani yako. Watu wengi hushindwa katika sehemu nne: folda ya mu-plugins, ambayo vilivyomo hujiendesha bila kuwashwa na havionekani kwenye orodha ya kawaida ya plagini; .htaccess, kazi za ratiba kwenye cPanel, zinazoweza kurudisha faili chafu kila dakika kumi, na ile tovuti ya majaribio ya 2019. Safisha zote siku moja, au usianze.

Hapa ndipo siku mbili tatu huishia.

Taarifa, kisha Google

Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Uganda ya mwaka 2011, na CERT.UG, kikosi cha dharura za kompyuta kilicho chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, hupokea taarifa. Kama tovuti ilikuwa na majina, simu au barua pepe za watu, jambo si lako peke yako tena. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka uiarifu mamlaka mara moja, yaani Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Wenye fomu za kujiunga na majarida huwa wanasahau kwamba wana data za watu.

Google inaweza kuwa imekuwekea ukurasa mwekundu wa onyo. Ingia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, na kabla ya kitu kingine tazama orodha ya watumiaji: wavamizi hupenda kujiandikisha humo kama wamiliki kwa kuweka faili la html linaloanza na neno google kwenye tovuti yako. Ondoa mtu, futa na faili. Kisha fungua ripoti ya masuala ya usalama, eleza tundu lilikuwa lipi na umefanya nini, uombe uhakiki. Ukurasa bandia wa kuibia watu huhakikiwa kwa siku moja hivi, programu hasidi siku chache, kurasa za taka wiki kadhaa. Ukiomba kabla hujamaliza na wakakuta uchafu, unaanza foleni upya.

Zile kurasa za kamari zitaendelea kuonekana kwenye matokeo kwa muda hata baada ya kufutwa. Zipe jibu la 410, lisemalo “hakipo na hakitarudi”, na usizielekeze zote ukurasa wa mwanzo kama mafundi wengi wanavyofanya, kwa kuwa hapo Google huendelea kuja kuziangalia. Rekodi za seva zisome kila asubuhi kwa wiki mbili, ukitafuta anwani ya lile faili ulilolifuta. Roboti iliyolipanda itarudi kuligonga, na inatakiwa ikute 404, jibu la “hakipatikani”.